Mchanga mweusi wa Mambrui umetoka wapi hasa? Mnaojua mawe njooni

#1 BintiMambrui
Habari zenu. Nyumba yetu iko karibu na bahari huku Mambrui, na tangu kusi ishike, kila maji yakitoka naona michirizi myeusi juu ya mchanga kama mtu amemwaga masizi. Juzi nikachukua sumaku ya spika iliyokufa, nikaitia ndani ya karatasi ya mkate nikaiburuta pale penye weusi mwingi. Wallahi ilitoka na ndevu! Nyuzi nyeusi zimesimama wima. Nikageuza karatasi nikaziangusha kwenye sahani, nikarudia na kurudia mpaka sumaku ikawa haibebi kitu, na bado chini kulibaki punje nyeusi zisizoitaka sumaku, na nyekundu chache rangi ya komamanga, na nyengine nyeupe zang'ara.

Bibi yangu asema ni masizi ya milima iliyoungua zamani. Mwalimu wa mdogo wangu asema yatoka Mlima Kenya. Wavuvi wasema yapanda kutoka chini ya bahari. Sasa nauliza, punje yenyewe haiwezi kusema kwao ni wapi?

#2 FundiMaweni
Hilo nalo la kuuliza? Ni Sabaki. Mvua ikipiga bara, siku chache baadaye mto waja rangi ya chai ya maziwa, na chai hiyo yote yaenda baharini. Mlima Kenya hauhusiani na Sabaki, maji ya Mlima Kenya yanayofika pwani yashuka na Tana. Mwalimu achanganya mito.

#3 OziKipini
Fundi kasema kweli kuhusu mito. Ila muongeze upepo. Mdomo wa Sabaki uko kusini ya Mambrui, wakati wa kusi mkondo wasukuma tope na mchanga kuelekea kaskazini, kwa hiyo Mambrui hadi Ngomeni ndio wanaopokea. Kaskazi ikishika mambo yageuka, tope lashuka Malindi mjini na wenye mahoteli waanza kulia maji yamekuwa mekundu. Kwa hiyo mtu wa Mambrui na mtu wa Silversand, ufukwe wa Malindi, wapokea mzigo wa mto mmoja, kila mmoja na msimu wake.

#4 Wambeho
Mimi nabisha. Ule weusi ni volkeno. Nimesoma kwamba Sabaki huko juu ni Athi, na Athi yapita mguuni mwa uwanda wa Yatta ambao ni lava tupu, karibu kilomita 300 za lava! Halafu mto Tsavo waingia ukitokea upande wa Kilimanjaro na Chyulu, volkeno tena. Lava ni nyeusi, mchanga ni mweusi. Hesabu imeisha.

#5 PunjeMoja
BintiMambrui, swali lako ni zuri mno na sitalijibu kwa mstari mmoja, mnisamehe. Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya mawe kabla sijarudi Malindi, na kazi yangu ilikuwa hiyohiyo, kumuuliza mchanga kwao ni wapi.

Kwanza ulivyofanya na sumaku ndivyo maabara inavyoanza. Zilizoruka haraka ni magnetaiti. Nyeusi zilizokawia au zilizobaki, nyingi yao ni ilmenaiti, yaani chuma na titaniamu pamoja na oksijeni. Sumaku ya spika ina nguvu ndogo kwake, ungekuwa na sumaku kali ungeibeba. Nyekundu ya komamanga ni ganeti. Nyeupe za kung'aa kuna kwazi ya kawaida, lakini zile ndogo ndogo nzito zinazobaki chini ukisuuza kwenye kata ya nazi, hizo nyingi ni zirkoni.

Kwa nini zimekusanyika pamoja? Uzito. Kwazi ina uzito mara 2.65 ya maji, ganeti kama mara 4, zirkoni na ilmenaiti kama mara 4.7, magnetaiti yafika 5.2. Wimbi likirudi labeba nyepesi laacha nzito. Kwa hiyo ule mchirizi mweusi usidhani ndio mchanga mzima wa Sabaki, ni ule uliokwisha kupepetwa kama mchele kwenye ungo.

Sasa Wambeho, rangi haitoshi. Magnetaiti yapatikana kwenye lava na yapatikana pia kwenye mwamba wa kale wa Taita na Tsavo ambao haujawahi kuona volkeno. Ukitaka kuzitenganisha lazima uingie ndani ya punje upime ina nini. Ilmenaiti au magnetaiti ya lava ya basalti kwa kawaida ina tabia yake ya magnesiamu na titaniamu, ya mwamba geu, yaani uliopikwa na kukandwa chini ya ardhi, ina yake. Ukitazama kwa jicho utaona weusi tu.

#6 Wambeho
Sawa, basi ile zirkoni si wanasema ina saa ndani yake? Wapime tarehe tumalize ubishi.

#7 PunjeMoja
Ina saa kweli. Zirkoni inapojijenga kwenye moto yaikubali uraniamu lakini yaikataa risasi, ile metali. Uraniamu ikikaa yageuka kuwa risasi polepole sana, ile ya aina ya 238 nusu yake yaisha kwa miaka bilioni 4.47 na ile ya 235 kwa miaka milioni 704. Saa mbili ndani ya punje moja, na zikikubaliana wajua haijaharibika. Watu wapiga leza kishimo cha kama mikroni 30, nywele ya kichwa ni nene kuliko hapo, wapima, wahamia punje ya pili. Kazi nzuri huwa na punje zaidi ya 100 kwa sampuli moja maana punje kumi hazikupi picha ya mto mzima.

Mawe ya kale ambayo Sabaki yapita juu yake, kuanzia Ukambani hadi Tsavo, ni ya ule mkanda mrefu uitwao Mkanda wa Msumbiji. Miamba ile ilipikwa na kukandwa kati ya takriban miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana. Lava ya Yatta ina kama miaka milioni 13 tu. Tofauti ni kama ya babu wa babu na mtoto aliyezaliwa jana.

Lakini Wambeho usifurahi mapema. Lava ya aina ya Yatta na basalti za Chyulu zina zirkoni chache sana au hazina kabisa. Kwa hiyo ukipima zirkoni za Mambrui na usione hata moja ya miaka milioni 13, hujathibitisha kwamba lava haikuleta mchanga. Umethibitisha tu kwamba haikuleta zirkoni. Ndio maana mtu wa saa peke yake hudanganyika, ni lazima uangalie na ganeti, na rutaili (madini ya titaniamu), na piroksini (madini yapatikanayo sana kwenye lava).

#8 Wambeho
Kwa hiyo sijashindwa 😀

#9 FundiMaweni
Hujashindwa ila hujashinda pia, kaa hapo hapo.

Mimi niulize la kazi yangu. Mwaka juzi nilinunua lori mbili za mchanga, muuzaji akaapa ni wa mto. Nikapiga plasta nyumba ya mteja wangu, baada ya miezi ukuta ukaanza kutoa unga mweupe na plasta yaachana kama ngozi ya ndizi. Nililazimika kubandua vyumba viwili kwa pesa zangu. Roho iliniuma kwa sababu jina ndilo mtaji wa fundi. Je kuna njia ya kumjua mchanga wa mto na wa bahari kabla hujalipa?

#10 PunjeMoja
Pole sana Fundi. Njia ya haraka: chukua kijiko cha mchanga mkavu, mwagia siki, hata ndimu yafaa ila ni polepole. Ukiona vipovu vinachemka kwa wingi ujue kuna magamba ya chaza na vumbi la matumbawe, yaani bahari. Mchanga wa Sabaki uliochotwa juu ya daraja, yaani upande wa bara, utakaa kimya au utatoa kipovu kimoja viwili. Kisha utazame kwa lenzi hata ya simu: wa mto una maika nyingi (vigamba vyembamba vya kung'aa) na felspa rangi ya waridi au maziwa, na kona zake bado kali. Chumvi yenyewe suuza kwa maji safi uonje, hakuna maabara zaidi ya ulimi hapo.

Onyo, siki haitakusaidia kama mchanga umechotwa ufukweni karibu na mdomo wa mto, pale mashapo ya bara ni mengi mno kuliko magamba. Hapo onja tu.

#11 BintiMambrui
Nimefanya ya siki sasa hivi. Wa mbele ya nyumba yetu unachemka kidogo tu, na ule ambao dada alinileta kutoka Watamu unachemka kama soda. Basi kweli sisi huku twaishi juu ya mchanga wa bara?

Na ile inayong'aa kama dhahabu je? Watoto huku wauza kwa wageni kwa kijichupa.

#12 OziKipini
Dhahabu ya wajinga hiyo, pairati. Kuna mgeni aliniambia.

#13 PunjeMoja
Ozi, kwa heshima, jaribu kabla hujamuamini mgeni. Chukua kijipande kimoja cha dhahabu ile kwa ncha ya sindano, kisukume. Kikijikunja na kuachana majani majani kama kitunguu ni maika, ile maika nyeusi ambayo imelowa na kuota kutu mpaka ikawa rangi ya shaba. Pairati haikunjiki, yavunjika, na ukiisugua kwenye kigae cheupe kisichopakwa rangi yaacha mstari mweusi wenye ukijani. Tena pairati haipendi hewa na maji ya mto, yaoza. Isingevumilia safari kutoka Tsavo.

#14 OziKipini
Nimejaribu na ya kwenye kikoi changu cha juzi. Yakunjika. Nimekubali.

#15 KijanaWaMarafa
Jamani mwaongea Sabaki tu na sisi Marafa mwatusahau. Hapa Nyari, hilo bonde wageni waita jiko la shetani, kuna kuta za mchanga mwekundu, mweupe, waridi, mvua ikinyesha zaporomoka. Wazee wasema palikuwa na watu matajiri waliokogea maziwa wakadharau masikini, Mungu akawadidimiza, nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Ila mimi nataka kujua kwa upande wenu wa punje, mchanga wa Marafa ni wa kule kule kwa Sabaki? Maana rangi ni tofauti kabisa.

#16 Wambeho
Nyekundu ni udongo wa Tsavo, kila mtu anajua ndovu wa Tsavo ni wekundu.

#17 PunjeMoja
Wambeho rangi tena! Wekundu ni ngozi ya kutu juu ya punje, chuma kilichoyeyuka kikashika baada ya mchanga kwisha kulala. Ukichukua punje nyekundu ya Marafa ukaiosha kwa asidi yatoka nyeupe kama za jirani yake. Ukuta mweupe na ukuta mwekundu vyaweza kuwa na mchanga wa baba mmoja, tofauti ni maji yaliyopita ndani yake baadaye.

Umri wa Marafa ni enzi ya Pliosini, kati ya miaka milioni 5.3 na 2.6. Hapo hapo jirani kuna mchanga wa Magarini, ule mwekundu wa vilima ambao ni machuguu ya kale, marundo ya mchanga yaliyojengwa na upepo. Na hapa ndipo swali la Binti lageuka gumu. Wataalamu wengi waona mchanga wa Magarini umetokana na kumomonyoka kwa mawe ya mchanga ya Duruma, yale ya Taru, Mariakani na Mazeras. Mawe ya Duruma nayo yalikuwa mchanga uliotoka kwenye milima ya Mkanda wa Msumbiji, kabla hata Madagaska haijaachana nasi. Kwa hiyo punje moja ya zirkoni: imezaliwa kwenye moto miaka milioni 600 iliyopita, ikaoshwa ikawa jiwe la Mazeras, jiwe likavunjika, upepo ukaijenga Magarini, mvua ikaishusha ufukweni Mambrui. Saa yake bado yasoma milioni 600. Haikuandika popote kwamba ililala Mazeras.

#18 FundiMaweni
Subiri. Basi yawezekana mchanga mweusi wa Binti haukuja na Sabaki hata kidogo, umemomonyoka tu hapo Magarini nyuma ya nyumba yao?

#19 PunjeMoja
Yawezekana, na ndio sababu mimi sikusema Sabaki toka mwanzo. Dalili moja yaweza kusaidia. Madini yana wavumilivu na yana wanyonge. Zirkoni, rutaili na tumalini zavumilia karibu kila kitu. Olivini, piroksini na hata ganeti kwa muda mrefu ardhini zaliwa na maji ya joto letu hili. Mchanga uliozunguka jiwe hadi jiwe, kama wa Magarini, wabaki na wavumilivu zaidi. Mchanga ulioshuka moja kwa moja na mto bado wabeba wanyonge. Binti ameona ganeti nyekundu, chache lakini zipo. Mimi hapo naegemea mto, angalau kwa sehemu.

#20 Wambeho
Na piroksini ikionekana?

#21 PunjeMoja
Piroksini yenye titaniamu ya kahawia-zambarau ikionekana chini ya hadubini nitakununulia mahamri na mbaazi wiki nzima, maana hiyo yanuka lava ya basalti.

#22 KusiniKwale
Nimepita tu kutoka Kwale. Sisi mchanga kama huo ulichimbwa, ilmenaiti, rutaili na zirkoni, tangu 2013 mpaka mwisho wa 2024 ukasimama. Na pale haukuwa ufukweni, ulikuwa vilimani kwenye machuguu ya kale ya aina hiyo hiyo ya Magarini. Kwa hiyo mimi naunga mkono machuguu. Watu wa Mambrui mjipange mapema, wakija wenye makaratasi ulizeni maswali ya ardhi kabla ya maswali ya madini.

#23 BintiMambrui
Ahsante ndugu yangu wa Kwale, hilo limenigusa. Shamba la bibi liko huko huko kwenye mchanga mwekundu.

#24 MwanaShela
Sisi Lamu je? Machuguu ya Shela yametoka wapi? Ni meupe si mekundu, na sisi twayajali kwa sababu maji yetu ya kunywa yamo chini yake, mvua yaingia mchangani yakaa. Kuna wanaosema mchanga ni wa Tana, kuna wanaosema ni matumbawe yaliyosagika ya Manda.

#25 OziKipini
Tana, naapa. Mimi naona unavyotoka hapa Kipini, penye mdomo wake. Ila tangu mabwawa ya juu kama Masinga, lile la 1981, mchanga mwingi walala huko.

#26 MwanaShela
Ami Ozi, machuguu yalikuwepo kabla ya Masinga, babu zetu walipigana vita vya Shela pale mwanzo wa karne ya 19 na mchanga ulikuwepo. Mabwawa yaweza kupunguza mchanga wa kesho, hayawezi kueleza wa jana.

#27 OziKipini
Hapo umenishika. Lakini jibu bado ni Tana, ya zamani.

#28 PunjeMoja
MwanaShela fanya ya siki kwanza. Nikikumbuka nilivyouona ni kwazi nyingi, lakini kumbukumbu si kipimo. Na Tana ina shida yake, yaanzia Aberdare na Mlima Kenya ambao ni volkeno, kisha yapita mwamba ule ule wa Mkanda wa Msumbiji kama Sabaki. Kwa hiyo zirkoni za Tana na za Sabaki zitafanana kama mapacha. Hapo ningeuliza rutaili. Rutaili iliyozaliwa kwenye mwamba uliokuwa tope zamani ina niobiamu nyingi kuliko kromiamu, ile ya mwamba mzito wa chuma na magnesiamu huwa na kromiamu zaidi. Na zirkoniamu iliyoingia ndani ya rutaili yaongezeka kadiri mwamba ulivyopikwa kwa joto kubwa, kwa hiyo waweza kusoma hata moto ulikuwa mkali kiasi gani. Na ganeti hivyo hivyo, yenye kalsiamu nyingi wamtafuta jirani wa mawe ya chokaa kama yale ya Taita Taveta yanayotoa tsavoraiti ya kijani.

#29 KijanaWaMarafa
Na hiyo Madagaska uliyoitaja juu (#17)? Kama ilikuwa imeshikana nasi, si mawe ya Duruma yaweza kuwa yalipokea mchanga kutoka kwao?

#30 PunjeMoja
Swali hilo wenye shahada wakaa nalo. Madagaska ilikuwa imeegemea hapa hapa, pwani ya Kenya na Somalia, na mwamba wake mwingi una umri ule ule wa Mkanda wa Msumbiji. Umri peke yake hauwezi kuwatenga. Mielekeo ya mito ya zamani iliyochorwa ndani ya mawe ya Mazeras yasaidia zaidi hapo kuliko kemia.

#31 MwanaShela
Nimerudi. Siki imechemka, si sana si kidogo. Kwa hiyo kila mtu ameshinda nusu 😂

Halafu kuna jiwe jepesi jeusi-kijivu lenye matundu, twaokota ufukweni, mama zetu wasugulia visigino. Laelea! Hilo nalo ni la Tana?

#32 OziKipini
Hilo halikuja na mto. Hilo limesafiri baharini.

#33 PunjeMoja
Ozi kapata. Ni povu la volkeno lililoganda. Krakatau ilipolipuka 1883 huko Indonesia mawe kama hayo yalivuka Bahari ya Hindi, na mwaka 1884 yalionekana Zanzibar. La kisigino cha mama yako silijui ni la volkeno ipi, ila kioo kilicho ndani yake kikipimwa kila volkeno ina mchanganyiko wake. Usilitupe.

#34 FundiMaweni
Tumetoka Mambrui tumefika Indonesia. Nami niseme moja kuhusu Sabaki kabla hatujapotea. Babu yangu alikuwa akisema zamani mto haukuwa mwekundu hivi. Nilidhani ni maneno ya wazee.

#35 PunjeMoja
Si maneno ya wazee tu. Kuna tumbawe moja la miaka 300 lilitobolewa likatolewa kipande kirefu cha ndani hapa kwenye hifadhi ya bahari ya Malindi, matokeo yakatoka 2007. Tumbawe lakua mwaka kwa mwaka kama mti, na kila mwaka lashika bariamu iliyo majini, na bariamu yaja na udongo wa mto. Kwa muda mrefu kiwango kilikuwa chini na kimetulia, kuanzia mwanzo wa karne ya 20 kikapanda, wakati mashamba makubwa yalipofunguliwa bara. Babu yako aliliona kwa macho, tumbawe liliandika.

#36 FundiMaweni
Nimekaa kimya kidogo. Marehemu angefurahi kusikia.

#37 Wambeho
Mimi bado nasema lava ipo. Jumamosi naenda daraja la Sabaki na sumaku kali ya diski ya kompyuta mbovu.

#38 BintiMambrui
Nenda Wambeho, nichotee kopo moja, la kutoka juu ya daraja si chini. Mimi nimeweka chupa tatu dirishani: moja mchirizi mweusi wa leo, moja mchanga mwekundu wa shamba la bibi, moja tope la mdomo wa mto, na nimeandika tarehe kwa kalamu ya marka. Nilipozitikisa na maji, ya bibi haina nyekundu za komamanga hata moja, nimetafuta kwa lenzi ya simu mpaka macho yauma. Ya mdomo wa mto ninazo saba. Kaskazi ikishika nitachota tena, hapa na Silversand.

#39 PunjeMoja
Saba kwa sifuri! Rudia na kijiko kingine cha shamba, uchimbe chini zaidi ya mkono mmoja, juu huwa kumeoshwa sana.

#40 OziKipini
Nami naleta kopo la Kipini, nakuja Malindi na basi la asubuhi Jumapili. Nani atanipokea stendi?